Bega la Shangazi Ilaisaane

Asubuhi moja ya Januari Kalolaine aliamka akakuta mkono wake wa kushoto umegoma kupanda. Ulikubali kufika usawa wa kifua, ukaishia hapo. Akiulazimisha, kitu kilimchoma begani kwa nyuma, mahali pale mkono wa gauni unaposhonwa kwenye kiwiliwili. Hayakuwa maumivu ya kulalia vibaya, maana hayo hutanda. Haya yalikuwa na ncha, na ncha yenyewe ilikaa mahali pamoja.

Folau, mumewe, alidhani ni hila ya kukwepa kumenya viazi vikuu, akamtania hivyo. Kisha akaona jinsi mkewe alivyosimama mbele ya kioo, bega wazi, akipinda shingo kujitazama. Palikuwa na doa jekundu, dogo, kama la kuumwa na mdudu. Folau akaacha utani, akachukua kisu akamenya viazi mwenyewe.

Mkono wa Kalolaine haukuwa mkono wa mchezo. Sisi wanawake wanene wa kijiji chetu cha Leimatu'a, na tupo wengi, Mungu ametujalia, tulikuwa tukivaa kwa mkono huo. Hao washonaji wa nguo za madukani sijui huwapima akina nani. Gauni linaning'inia dirishani pale mjini Neiafu, zuri la kutamanisha, ukilivaa linakwama mabegani, nawe umebaki mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Muuzaji anakuambia kwa upole kwamba hiyo ndiyo saizi kubwa kuliko zote. Kalolaine yalimkuta hayo akiwa msichana. Alilia humo humo kwenye chumba cha kujaribia, halafu akakasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyomfundisha kushona.

Kazi yake ilikuwa kuitazama nguo ya dukani na kuizaa upya, kubwa. Aliitandika juu ya magazeti akaichora pembeni, mshono kwa mshono. Kisha aliyapasua yale magazeti na kuyatanua, hapa kifuani, hapa tumboni, hapa nyongani, akibandika vipande vingine kwenye mapengo, mpaka pateni, kile kielelezo cha kukatia kitambaa, ikawa na upana wa mtu wa kweli. Fundi asiyejua huongeza kila mahali sawasawa, na gauni likiisha shingo inatosha watu wawili na mabega yanateremka hadi viwikoni. Kalolaine alikuwa na neno alilopenda kutuambia huku ameuma pini: mtu hunenepa nyama, mifupa hainenepi. Bega ni mfupa. Kwa hiyo bega la nguo ya dukani aliliacha vilevile alivyolikuta, hakuligusa hata kidogo. Naomba hilo bega ulikumbuke.

Alikwenda kwa daktari. Daktari akambonyeza, akampiga picha, akamwonyesha mfupa wake mwenyewe, mweupe na mzima, hauna ufa wala uvimbe. Kalolaine alimshukuru akarudi nyumbani, akakaa mbele ya cherehani na magauni ya watu yamerundikana kitini. Kusukuma kitambaa kunataka mikono miwili. Alijaribu kushona kwa mmoja, mshono ukaenda upande kama mlevi, akaufumua. Siku hiyo ndiyo aliyoanza kuogopa, kwa sababu siku hiyo ndiyo aliyokubali kwamba mahali pale anapajua. Alikuwa amewahi kuchomwa pale pale, na pini, miaka kadhaa nyuma, akiwa amevaa gauni ambalo halikuwa lake.

Lilikuwa la shangazi yake, Ilaisaane, dada wa marehemu baba yake. Kwetu Tonga shangazi ndiye mkubwa wa nyumba hata kama nyumba si yake. Akimtaka nguruwe wako, anamswaga. Akiutaka mkeka wa arusi yako, unamkunjia. Mtoto wa kaka yake hamgusi kichwa wala mabega, hali alichobakiza, havai nguo yake. Na shangazi akikuapiza, hushika.

Ilaisaane mwenyewe hakuwa mtu wa kuapiza watu. Alikuwa mnene kuliko sote, mcheshi, mwenye sauti ya kuwafukuza kuku akiwa amekaa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Lavinia, aliyehamia ng'ambo, Auckland, na kukaa huko karibu miaka kumi bila kurudi. Mwaka mmoja Lavinia alituma kifurushi, ndani yake gauni la buluu lenye kola nyeupe, na ujumbe kwamba safari hii atakuja kwa sikukuu ya sadaka, na anataka kumwona mama yake kanisani amelivaa. Lilikuwa saizi ya yule mama aliyemwacha uwanja wa ndege. Mama huyo alikuwa ameongezeka mwingine wa pili juu yake.

Ilaisaane alilileta gauni hilo kwa Kalolaine chini ya khanga ya kufunikia mkate, akafunga mlango.

“We Kalo, mwanangu ananikumbuka nikiwa kijiti. Nishonee kama hili hili, lakini linipite. Na hiyo lebo ya dukani uitoe huku uibandike kule.”

“Shangazi, akishuka kwenye ndege si atakuona ulivyo?”

“Anione nilivyo, sijifichi. Nitajificha nyuma ya nini mimi? Ila sitaki ajue kwamba zawadi yake haikunipita kichwani. Amefanya kazi ya kufua mashuka ya watu akainunua. Lavinia asijue. Ukimwambia, mkono wako huo usishike tena sindano.”

Alisema akicheka, na papo hapo akachukua ndizi mbili mezani bila kuomba, kama ilivyokuwa haki yake. Lakini maneno ya shangazi hata yakisemwa kwa kicheko ni maneno, na Kalolaine aliitikia kwa kuinamisha kichwa.

Taabu ikawa kupima. Kumzungushia shangazi yake futi kifuani, kumwekea mkono begani, hilo halikuwezekana, na Ilaisaane hakuwa na nia ya kupimwa na mtu mwingine ambaye angelitangaza. Kalolaine akajitazama. Wote wawili walikuwa wa ukoo mmoja, kifua kile kile, nyonga zile zile. Basi akajipima mwenyewe. Akatanua magazeti, akakata kitambaa, akapiga bandi, mshono wa kushikiza tu, na kila ilipofika saa ya kujaribu, alifunga mlango, akalivaa yeye. Alijua anachokifanya. Nguo ya shangazi haivaliwi na mtoto wa kaka yake, sembuse kabla mwenyewe hajaivaa. Alijiambia kwamba bado si nguo, ni kitambaa tu, na nguo huwa nguo ikikatwa uzi wa mwisho.

Siku ya mwisho ilibaki mkono wa kushoto; lebo ilikwisha kuhamishwa, na gauni dogo limerudi kwa shangazi. Alikuwa amesimama mbele ya kioo na gauni mwilini, akijibana mkono huo begani kwa pini, pini moja ikapita kitambaa ikamwingia. Alishtuka, akafuta tone la damu kabla halijatia doa. Mlango ukagongwa. Alikuwa Folau, amekuja kumwambia kwamba shangazi ameanguka jikoni kwake na hakuamka.

Lavinia, aliyekuwa akija kwa sikukuu, alikuja kwa msiba.

Hapo nieleze kidogo, maana bila hilo mtu atauliza kwa nini Kalolaine hakumalizia kushona. Kwetu kila mtu ana nafasi yake msibani. Watoto wa kaka wa marehemu ndio wa chini kabisa. Wanakatwa nywele, wanajifunga mikeka iliyochakaa, wanakaa nyuma ya nyumba kwenye moshi wakipika, na mahali alipolazwa maiti hawakanyagi. Wanaomwosha na kumvisha ni wa daraja la juu. Aliyekuja kulichukua gauni, akidhani lililetwa kwa fundi kunyooshwa tu, alikuwa Bibi Hulita, mkubwa wa ukoo, ambaye hata wakati huo macho yake yalikuwa na ukungu. Kijiji kizima kilikwisha kusikia habari za gauni la buluu la Auckland. Ilaisaane alikuwa amelitangaza kanisani wiki nzima. Kalolaine alisema, “Bibi, ngoja kidogo,” na Bibi Hulita akasema maiti hangojeshwi, akalivuta gauni mkononi mwake, akaenda nalo.

Pini zilikuwa bado begani. Kalolaine alikaa kwenye moshi akigeuza majani ya magimbi, akiijua kila pini ilipo, hatua chache tu kutoka mlango asioruhusiwa kuingia. Angeweza kumtuma mtu akaseme. Lakini kichwani kwa maiti alikuwa amekaa Lavinia, na ujumbe wowote kuhusu gauni ungemfikia yeye. Akanyamaza. Wakamzika Ilaisaane kwenye mchanga mweupe, wakapanga mawe meusi juu ya kaburi, na Lavinia akarudi Auckland akiamini, kwa kadiri Kalolaine alivyojua, kwamba mama yake amelala ndani ya zawadi yake.

Basi sasa mkono ulikuwa unakufa, na Kalolaine alijua kwa nini. Mtu akiumwa mahali pasipoonekana kitu, sisi huuliza ni mfupa wa nani unaosumbuliwa huko chini. Mzizi ukipita kwenye fuvu, kichwa cha mtu wa ukoo huo aliye hai kinapasuka kwa maumivu mpaka kaburi lifunguliwe, mzizi uondolewe, mifupa ipakwe mafuta. Hapa palikuwa na pini, na pini hailali.

Aliyemkanda bega alikuwa Bibi Hulita yule yule, sasa kipofu kabisa. Alimpaka mafuta ya nazi, akapitisha kidole gumba, akafika kwenye ile ncha, akasimama. Akarudia, akasimama tena mahali pale pale. Akauliza Kalolaine amewahi kuvaa nguo ya nani.

Kalolaine aligeuza macho mlangoni. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, pateni ya magazeti ya gauni lile ilikuwa bado inaning'inia, mbele na nyuma zimeshikwa pamoja, mikono yake miwili chini. Siku zote ilikuwa pale na hakuna aliyeitilia maanani. Tangu mwaka mpya alianza kuona haya kuvua nguo mbele yake. Upepo ukiingia, mkono wa kulia uliinuka na kushuka. Wa kushoto haukuinuka hata siku ya upepo mkali. Jana yake alikuwa ameuchunguza, akaona matundu ya pini begani, manne au matano, na alipogusa tundu moja kwa ncha ya kidole, bega lake mwenyewe lilimchoma hadi akakaa chini.

“Nataka kuichoma moto ile karatasi, Bibi,” alisema mwishowe.

“Karatasi ya nini?”

“Ya gauni la shangazi. Nilijaribia mwilini mwangu.”

Mkono wa Bibi Hulita ulikuwa ungali begani kwake. “Ukiichoma,” alisema, “unajua unachoma bega la nani?”

Karatasi ikabaki. Bibi akasema kaburi lifunguliwe, na ruhusa iombwe kwa mwenye mama.

Folau ndiye aliyepiga simu Auckland, Kalolaine akasikiliza pembeni. Folau alieleza ugonjwa, Lavinia akawa anaitikia kwa huruma tu kama mtu anayesikia habari za mbali. Kisha akauliza ni bega lipi. Folau akasema la kushoto, kwa nyuma, penye mshono. Upande wa pili pakawa kimya kabisa, mpaka Folau akadhani simu imekatika. Sauti iliporudi ilikuwa nyingine. Alisema anakuja mwenyewe, na kaburi lisiguswe kabla hajafika.

Kalolaine alipata siku za kungoja, na katika siku hizo alihangaika kuliko alivyohangaika na maumivu. Akimweleza Lavinia habari za pini, itabidi amweleze kwa nini palikuwa na pini, na kwa nini kulikuwa na gauni la pili. Neno la shangazi lilikuwa wazi: ukisema, mkono usishike sindano. Lakini hajasema, na mkono haushiki. Alimkasirikia marehemu, akamwambia hivyo kwa sauti, peke yake chumbani, akiitazama pateni: nimekutunzia siri yako mpaka leo, shangazi, sasa unataka nini kwangu? Karatasi ikatikisa mkono wa kulia. Kalolaine akatoka akaenda kukaa na nguruwe.

Ndege ilipotua kisiwani kwetu Vava'u, yeye na Folau walikuwa uwanjani. Mlango ukafunguliwa, na aliyetokea juu ya ngazi alikuwa Ilaisaane. Alikuwa yeye kwa upana, kwa ile namna yake ya kushuka upande upande akiishika reli, hata kwa pumzi aliyovuta kabla ya ngazi ya mwisho. Kalolaine akarudi nyuma hatua moja. Folau akamshika kiuno, akamnong'oneza, “Lavinia huyo, mke wangu. Amenenepa tu.” Na kweli alikuwa Lavinia, na mkoba mdogo ameukumbatia kifuani badala ya kuuacha upakiwe.

Kaburi lilifunguliwa alfajiri, kabla joto halijapanda. Folau na binamu zake walichimba. Kalolaine alikaa mbali chini ya ukuta wa makaburi, amegeuza mgongo, mkeka uliochakaa kiunoni, kwa sababu cheo chake mbele ya shangazi kilikuwa kile kile cha siku ya msiba. Alichokiona ni ukuta tu. Alichokisikia ni sepeto kwenye mchanga, kisha sepeto zikaacha, kisha Bibi Hulita akishushwa chini kwa kushikwa mikono, akaanza kusoma kwa vidole na kutaja anachokigusa.

Mikeka yote ilikuwa imekwisha kuwa udongo, alisema. Nguo za magome ya mti zilizomfunika, udongo. Gauni lilikuwa zima. Mmoja wa wachimbaji alisema hata buluu yake haijachuja, na sauti yake haikumpendeza Kalolaine.

“Limejaa,” Bibi Hulita alisema kutoka chini.

Folau akauliza limejaa nini.

“Mchanga, nadhani. Mchanga umeingia. Lakini limejaa vizuri, kifua na tumbo, linamkaa.” Vidole vikapanda. “Kola hii. Bega la kulia, zima. Sasa la kushoto.”

Kalolaine aliuma meno. Alingoja neno pini. Alikuwa amejiandaa kwa neno hilo siku zote hizo, na amejiandaa hata kwa swali la Lavinia litakalofuata.

“Hakuna mzizi,” Bibi alisema. “Hakuna mdudu. Mfupa uko mahali pake. Mkono wa gauni umeshonwa vizuri, kwa sindano ya mkono. Mshono mdogo mdogo, umebana.”

Kalolaine aligeuka. Hakupaswa kugeuka, na aligeuka. Yeye hakuwahi kuushona mkono ule. Aliwaona watu wamesimama ukingoni wakitazama chini, na Lavinia peke yake hakutazama chini. Lavinia alikuwa akimtazama yeye.

Wakaipaka mifupa mafuta, wakamfunika Ilaisaane kwa magome mapya, wakarudisha mchanga na mawe meusi. Wote walimwangalia Kalolaine akijaribu mkono. Ulifika kifuani, ukagoma, na ile ncha ikamwingia kwa nguvu kuliko siku zote. Binamu za Folau walienda kunywa kava, kinywaji chetu cha mizizi, bila kuagana naye, na sikuwalaumu. Kaburi lililofunguliwa bure ni kitu kibaya.

Mchana huo Kalolaine alijifungia kwenye chumba cha cherehani. Aliwaza ule mshono mdogo mdogo. Shangazi yake alikuwa na mshono wa namna hiyo, wa kubana, alioufundishwa na watawa utotoni. Alimwona chini ya mchanga gizani akijimalizia mkono wake mwenyewe, kwa subira, kwa kuwa mtoto wa kaka yake hakumalizia. Akaona aibu na hofu kwa pamoja, na hakujua ipi ilimzidi.

Lavinia aliingia bila kubisha, kama mama yake. Alifunga mlango, akaona pateni nyuma yake kwenye msumari, akaitazama. Kisha akaufungua ule mkoba mdogo, akatandaza juu ya meza gauni la buluu lenye kola nyeupe. Lile dogo. Nyuma ya shingo palionekana nyuzi zilizofumuliwa, mahali ilipokuwa lebo.

Kalolaine alifungua mdomo.

“Nyamaza,” Lavinia akasema. “Najua alikukataza, namjua mama. Nikisema mimi na wewe ukanyamaza, neno lake halijavunjika. Kwa hiyo nyamaza, Kalo, mimi nitasema.”

Akasema. Usiku wa msiba alipokaa kichwani kwa maiti aliuinua mkono wa mama yake kuunyoosha, pini ikamchoma. Akatazama vizuri, akaona bandi, akaona lebo ya saizi ndogo ndani ya nguo ya upana ambao duka lile haliuzi. Wengine walikuwa wakiimba na Bibi Hulita alikuwa haoni vizuri. Lavinia aliomba sindano akasema ni ya kushonea ua la shada. Akaushona ule mkono kama mama yake alivyomfundisha, akazichomoa pini akazifunga kwenye leso yake. Baadaye, akipanga vitu vya marehemu, alilikuta gauni dogo chini ya sanduku. Alikwenda nalo Auckland pamoja na pini na hakumwambia mtu, kwa sababu kama mama yake alitaka asijue, basi alipaswa kuwa hajui.

“Mimi miaka yote ile nilikuwa namtumia zawadi mtu asiyekuwepo,” alisema. “Nilimjua mama yangu kwa gauni lako. Nililishika begani nikaona, kumbe ndivyo alivyokuwa mkubwa. Sikuwa hata nimemkumbatia.”

Alilia kidogo, akafuta uso kwa kiganja. Akaendelea kwamba siku ya mwaka mpya wa mwaka huu alimkumbuka mama yake, akajaribu kulivaa lile dogo. Lilimkwama, likapasuka begani. Hakutaka kulitupa. Akazitafuta zile pini, akalibana palipopasuka, akalitundika ukutani chumbani kwake mpaka apate nafasi ya kulishona.

“Bega la kushoto,” akasema. “Folau aliponitajia penye mshono, nililitazama pale ukutani.”

Kalolaine alilisogelea. Pini tatu zilikuwa zimezama kwenye kitambaa, vichwa vyake vimeshika kutu. Bega la lile gauni ndiyo sehemu pekee ambayo hakuitanua. Lilikuwa moja tu tangu dukani, kwenye karatasi, mwilini mwake, na huko chini ya mchanga. Hakusema neno, maana alikuwa ameambiwa anyamaze. Alinyoosha kidole akazionyesha.

Lavinia aliichomoa ya kwanza. Kalolaine akahisi baridi inapita mgongoni. Ya pili ikatoka kwa taabu. Ya tatu ilikuwa imeshikana na uzi kwa kutu. Lavinia aliizungusha, na Kalolaine akaishika meza kwa mkono wa kulia, akahisi inazunguka, ndani, kwenye mfupa wake, ikizunguka taratibu na kutoka. Ilipoanguka mezani ilitoa sauti ndogo.

Nyuma ya mlango karatasi iliinua mkono wa kushoto. Dirisha lilikuwa wazi, nisidanganye. Kalolaine akainua wa kwake. Ulipita kifua, ukapita shingo, ukapanda hadi juu ya kichwa, na yeye akabaki ameuacha huko juu huku machozi yakimtiririka, akicheka kwa sauti iliyomshtua Folau jikoni.

Hatimaye Lavinia alizikunja zile pini kwenye leso yake. Kisha akasimama katikati ya chumba, mzima mzima alivyo, akainua mikono pembeni.

“Nishonee na mimi. Kama lile la mama, buluu hiyo hiyo.”

Kalolaine alichukua futi akasita. Huyu alikuwa mtoto wa shangazi, mwenye cheo cha mama yake, na mkono wa Kalolaine haukuwa na ruhusa.

“Nimesema nipime,” Lavinia akasema, na sauti ilikuwa ya kufukuza kuku. “Mwilini mwangu. Usijaribie kwako tena.”

Basi akampima. Alimzungushia futi kifuani akaandika, akampima kiuno akaandika, akampima nyonga akaandika. Mwisho alimwekea mkono begani, mara ya kwanza maishani kumgusa mtu wa nyumba ile mahali pale, akakuta pana joto. Futi ilikuwa imening'inia shingoni mwa Kalolaine, naye hakuivuta kupima. Penye bega hakuandika kitu, kwa kuwa hilo alikuwa nalo tayari.